Mlevi Aliyetundikwa Sebuleni: Namna ya Kusoma Michoro ya Vilabu vya Pombe ya Uholanzi

Katika jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, Marekani, kuna mchoro wa wanaume wawili waliokunywa mpaka pombe ikaisha. Mmoja ameketi, amelibinua jagi juu ya uso, anatafuta tone la mwisho. Mwenzake amesimama na kiko chake, anacheka. Aliyeuchora ni Judith Leyster wa Haarlem, mmoja wa wanawake wachache sana waliokubaliwa katika chama cha wachoraji cha mji huo katika karne ya 17. Kwa miaka mingi watu waliuona kuwa ni mchoro wa starehe tu, usiku wa vijana wawili wasio na habari na kesho. Mwaka 1993 mafundi walipoondoa rangi iliyopakwa juu baadaye, katikati ya wanywaji wale akatokea wa tatu. Kiunzi cha mifupa, kimeshika fuvu la kichwa na saa ya mchanga.

Aliyekifunika pengine alikuwa muuzaji aliyejua soko lake: picha ya kicheko hununuliwa upesi kuliko picha ya kifo. Lakini kwa kupaka ile rangi alichukua upande, bila kujua, katika ubishi ambao wataalamu wa sanaa ya Uholanzi wangekuja kuuendesha kwa miongo kadhaa. Michoro hii ya walevi ilikuwa mahubiri au burudani? Na kama ni mahubiri, mbona wanaohubiriwa wanafurahi hivyo?

Tunazungumzia michoro ya rangi za mafuta, mingi midogo ya kubebeka kwapani, iliyotoka kati ya miaka ya 1620 na 1670 hivi katika miji kama Haarlem, Leiden, Delft na Utrecht, na upande wa kusini huko Antwerp, ambako leo ni Ubelgiji. Humo hamna malaika, hamna wafalme. Kuna chumba chenye giza, meza ya mbao, majagi, viko vya udongo, karata zilizomwagika sakafuni, mtu anayepiga fidla, mtu anayetapika pembeni, mwenye kilabu anayeandika madeni kwa chaki ubaoni. Orodha za mirathi za wakati ule ziliitaja kwa ufupi tu: wakulima wanakunywa, kundi lenye furaha, danguro dogo. Hakuna aliyehangaika kuipa jina la kitaalamu.

Ili kuelewa kwa nini mtu angetoa pesa yake kununua mlevi wa kutundika, inabidi kwanza tuangalie nani alikuwa ananunua. Katika nchi nyingi za Ulaya mchoraji aliishi kwa kanisa na kwa wakuu. Uholanzi njia hizo zilibana. Mwaka 1566 makundi ya Waprotestanti yaliingia makanisani na kuvunja sanamu. Baada ya hapo, katika majimbo ya kaskazini yaliyoasi utawala wa Hispania, kanisa lililotawala lilikuwa la Kikalvini, tawi kali la Uprotestanti, na kuta zake zilibaki nyeupe. Mfalme hakuwapo. Waliokuwapo ni wafanyabiashara, wenye viwanda vya bia, waokaji mikate, mawakili, manahodha, watu wa mjini wenye akiba na nyumba zenye kuta tupu. Mwingereza John Evelyn, aliyepita Rotterdam Agosti 1641, aliandika katika shajara yake kwamba gulio la mwaka lilikuwa limejaa picha, hasa za mandhari na zile za kuchekesha za watu wa chini, na kwamba hata wakulima walitia fedha zao humo. Kuhusu wakulima huenda alitia chumvi. Kuhusu wingi wa picha, hapana. Picha ndogo ya kawaida ilipatikana kwa gilda chache, fedha ya Uholanzi ya wakati ule, na mtu akiwa na bahati aliipata kwenye bahati nasibu.

Mchoraji basi hakusubiri kuagizwa. Alichora kwanza, akatafuta mnunuzi baadaye, na kwa hiyo alihitaji kuwa na bidhaa inayotambulika. Mmoja alishika bahari na meli, mwingine ng'ombe, mwingine maua, mwingine walevi. Kila mmoja alikuwa na duka lake, tuseme, hata kama duka lenyewe lilikuwa kichwani mwa mteja.

Wazo la kuchora kilabu halikuanzia kwao. Lilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mchoraji Pieter Bruegel, aliyefariki mwaka 1569, na michoro yake ya arusi na sherehe za wakulima. Ya pili ni Biblia yenyewe, Luka sura ya 15: Mwana Mpotevu anayetapanya urithi wake kwa ulevi na wanawake. Wachoraji wa karne ya 16 walikipenda kisa hiki kwa sababu kiliwapa ruhusa ya kuchora karamu chafu kwa jina la dini. Kidogo kidogo sehemu nyingine za kisa zikaanza kupungua ndani ya picha: baba anayemsamehe akasogezwa mbali dirishani, nguruwe wakawa wadogo nyuma kabisa, kisha wote wakaondoka. Ikabaki meza. Mchoraji mashuhuri Rembrandt, karibu mwaka 1635, alijichora yeye mwenyewe ameinua bilauri ndefu na mkewe Saskia akiwa mapajani mwake. Mchoro uko Dresden, Ujerumani, na wataalamu huuona kuwa ni Mwana Mpotevu kilabuni. Asiyeambiwa atadhani ni bwana na bibi wanasherehekea. Naona hapa ndipo utata wote ulipozaliwa. Andiko lilififia, karamu ikabaki, lakini harufu ya andiko haikutoka kabisa.

Je, vilabu vyenyewe vilikuwa hivyo? Kwa sehemu. Bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha kila siku, tangu asubuhi, hata kwa watoto. Mwaka 1613 Amsterdam ilihesabiwa kuwa na vilabu vya bia 518. Lakini nyumba hizi zilikuwa zaidi ya mahali pa kulewa. Humo watu walikutana na mawakili, walifanya minada, walilala wakiwa safarini, walisoma habari. Katika majira ya baridi ya 1636 na 1637, ule wazimu wa kununua vitunguu vya maua ya tulipu kwa bei za ajabu ulifanyika kwa kiasi kikubwa ndani ya vilabu, na kila dili iliambatana na ada ndogo ya mvinyo kwa waliokuwapo. Wanaume wenye akili timamu waliuziana humo maua yaliyokuwa bado ardhini, mpaka Februari 1637 wanunuzi walipokosekana.

Baba yake mchoraji Johannes Vermeer, Reynier, alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Mechelen kwenye uwanja wa soko wa Delft, na wakati huohuo alikuwa mwanachama wa chama cha wachoraji kama mfanyabiashara wa picha. Mgeni aliyeshuka pale angeweza kunywa na kununua mchoro chini ya paa moja. Judith Leyster naye alikuwa binti wa mwenye kiwanda cha bia, na jina Leyster, ambalo ni jina la nyota ya kuongozea njia, lilikuwa la kiwanda hicho kabla halijawa lake. Ndiyo maana alitia saini kwa herufi zake na nyota ndogo. Jan Steen, tutakayekutana naye, alitoka ukoo wa watengeneza bia wa Leiden. Watu hawa walikijua kilabu tangu utotoni. Walijua mawakili, minada na vitabu vya hesabu. Wakachora walevi.

Hilo ni la kuzingatia. Picha hizi si ushahidi wa kamera. Ni uteuzi.

Mwalimu wa uteuzi huo alikuwa Adriaen Brouwer, Mflanders, yaani mtu wa upande ule wa kusini, aliyefanya kazi Haarlem katika miaka ya 1620 kisha akahamia Antwerp, ambako alifariki mwaka 1638 akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Kazi zake zilizobaki ni chache, takriban sitini, karibu zote ni mbao ndogo. Rangi zake ni kahawia na kijivu, zimepakwa kwa haraka kama mtu anayenong'ona, halafu ghafla panatokea doa moja la samawati au jekundu kwenye kofia ya mtu. Nyuso ndizo zinazoshika. Alichora mtu anayemeza dawa chungu, uso mzima umekunjamana hata meno yanaonekana kuuma. Alichora mtu anayepigwa jagi kichwani wakigombea karata. Kabla yake mlevi wa kwenye picha alikuwa alama tu ya ulafi; kwa Brouwer ana maumivu yake binafsi.

Uangalie mchoro wake wa wavuta tumbaku, ulioko New York. Wanaume wako mezani nje ya giza, na wa katikati ametugeukia, macho yamemtoka, mdomo umeachama, moshi unamtoka kama mtu aliyekamatwa akifanya jambo. Mmoja wa wenzake amebana tundu moja la pua ili atoe moshi kwa jingine. Inaonekana ni wahuni wa mtaani. Kumbe yule wa katikati ni Brouwer mwenyewe, na walio naye ni wachoraji wenzake wa Antwerp, akiwemo Jan Davidsz. de Heem, bingwa wa kuchora matunda na vyombo vya fedha kwa matajiri. Tumbaku wakati huo ilikuwa bado jambo geni lililotoka Amerika. Wahubiri waliilaani, madaktari waligawanyika, na mji wa Gouda ulikuwa unaanza kujijenga kwa kutengeneza viko vya udongo. Vijana mashuhuri wa mji wamejivisha uhuni kwa makusudi na wanatucheka sisi tunaowakodolea macho.

Na nani alinunua walevi wa Brouwer? Alipofariki Peter Paul Rubens, mchoraji aliyekuwa pia balozi na tajiri mkubwa, nyumbani kwake zilikutwa picha 17 za Brouwer. Rembrandt naye alikuwa nazo. Hawa si watu waliohitaji kuhubiriwa kuhusu bia. Walinunua ustadi.

Wateja wa kawaida walinunua kitu kingine zaidi, nacho hakipendezi sana kukitaja: walinunua umbali. Mkulima wa kwenye picha hizi ana pua nene, mgongo mfupi, kinywa wazi. Anacheza ovyo, anakojoa ukutani, anamvuta mhudumu aproni. Mwenye picha alikuwa mtu wa mjini aliyevaa nguo nyeusi na kola nyeupe, naye kila alipomtazama mkulima yule alijithibitishia kwamba yeye si wa namna ile. Tabaka la watu waliopata fedha juzijuzi huhitaji sana uthibitisho wa aina hii.

Adriaen van Ostade wa Haarlem, aliyezaliwa 1610 na kuishi mpaka 1685, anaonyesha jinsi hitaji hilo lilivyobadilika. Picha zake za ujana ni za Brouwer mtupu: fujo, visu, matambara. Kuanzia katikati ya karne wakulima wake wanatulia. Kilabu kinapata dirisha, mwanga unaingia, watoto wanacheza sakafuni, mbwa amelala, baba anavuta kiko chake taratibu huku mwingine akipiga fidla mlangoni. Bado wanakunywa, lakini sasa mteja anawaonea wivu kidogo. Mijini maisha yalikuwa yameshakuwa ya mbio na adabu nyingi, na yule yule mkulima aliyechekwa akageuzwa kuwa mtu mwenye raha yake. Picha za namna hii ziliuzwa vizuri kwa zaidi ya karne moja baadaye.

Sasa tumfikie Jan Steen, maana bila yeye hakuna mjadala. Alizaliwa Leiden mwaka 1626, Mkatoliki katika nchi ya Wakalvini, akamwoa Margriet, binti wa mchoraji wa mandhari Jan van Goyen. Kati ya 1654 na 1657 alikodi kiwanda cha bia Delft kilichoitwa Nyoka, biashara ikamshinda. Mji ulikuwa umetoka tu kuharibiwa na mlipuko wa ghala la baruti wa Oktoba 1654, na bia ya Delft kwa jumla ilikuwa inashuka. Alichora maisha yake yote, na kilabu kwake hakikuwa chumba tu. Kilikuwa ugonjwa unaoweza kuingia nyumba yoyote.

Mchoro wake mkubwa ulioko The Hague, wa karibu mwaka 1668 hadi 1670, ni wa familia nyumbani, wala si kilabuni. Bibi mzee anasoma wimbo kwenye karatasi. Mama amejilaza kitini, ameinyoosha bilauri yake bila kuangalia, na mhudumu anamimina mvinyo kutoka juu ili uteremke kama uzi. Babu amevaa kofia ya sherehe ya kuzaliwa mtoto. Kasuku yuko juu, naye ni ndege anayejua kuiga. Maneno ya karatasi ile yana mithali ya Kiholanzi: wazee wakiimba, vijana hupiga filimbi vilevile. Sisi tungesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa angalia upande wa kulia. Filimbi ya mithali ipo, ni ile zumari ya mfuko wa ngozi anayoipuliza kijana mmoja. Lakini kando yake kuna mwanamume mwenye kofia, anacheka kwa meno yote, anamfundisha mvulana mdogo kuvuta kiko. Huyo baba mpotoshaji ana uso wa Jan Steen. Mchoraji aliyeandika onyo ndiye anayelivunja, mbele ya macho yetu, tena kwa furaha.

Mchoro mwingine, ulioko Amsterdam, unaonyesha mume na mke waliolewa mpaka hawatambui kwamba watu wanawaibia nyuma yao. Ukutani Steen amebandika karatasi ya bundi aliyewekewa mshumaa na miwani, na maneno yasemayo kwamba mshumaa na miwani vina faida gani ikiwa bundi hataki kuona. Wa tatu, ulioko California, unamwonyesha mwanamke mwenye mavazi ya thamani ameanguka nje ya kilabu, watu wanahangaika kumpakia kwenye toroli huku watoto wakizomea, na juu ya mlango kuna andiko la Mithali 20:1, lile la mvinyo hudhihaki. Mwenye kilabu gani angeandika mstari huo juu ya mlango wake mwenyewe?

Ni picha kama hizi zilizowapa wataalamu kazi. Mwaka 1976, katika maonyesho makubwa ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa huko Amsterdam, mwanahistoria Eddy de Jongh na wenzake walionyesha kwamba vitu vingi vilivyoonekana vya kawaida kwenye michoro hii vilikuwa na maana zilizojulikana kutokana na vitabu vya mafumbo vya zama hizo, hasa vile vya Jacob Cats, mwanasiasa na mshairi aliyesomwa karibu kila nyumba. Kiko na moshi ni maisha yanayopita. Chaza ni ashiki. Karata ni bahati isiyotegemewa. Maganda ya mayai yaliyovunjika ni uhai uliotumiwa ovyo. Kwa msomaji aliyezijua alama hizi, kilabu kiligeuka kuwa somo. Miaka saba baadaye, 1983, mwanahistoria wa sanaa Svetlana Alpers alijibu kwamba tunasoma mno na kutazama kidogo: sanaa ya Uholanzi, alidai, ilikuwa utamaduni wa kuona, wa lenzi na ramani na maelezo ya uso wa dunia, na haikuwa imefungia mahubiri ndani kama barua ndani ya bahasha.

Mimi nadhani wote wawili walisahau kuuliza swali la sokoni, na hapa kanga inasaidia. Kanga ina jina lake, limeandikwa waziwazi chini ya mji, kila mtu anaweza kulisoma. Lakini maneno yaleyale yanaweza kuwa nasaha, yakawa kijembe, yakawa utani wa mapenzi, kutegemea nani kaivaa, kaenda nayo wapi, na nani anamwona. Andiko halimalizi maana; linaianzisha. Andiko la Mithali juu ya mlango wa kilabu cha Steen linafanya kazi hiyohiyo. Mteja mchaji aliweza kuinunua picha ile kwa sababu ya mstari. Mteja mchangamfu aliinunua kwa sababu ya toroli. Na wengi, nadhani, walikuwa wachaji asubuhi na wachangamfu jioni, na picha moja iliwatosha kwa nyakati zote mbili. Mchoraji asiye na mlezi, anayechora kwa ajili ya mtu asiyemjua, ana kila sababu ya kutoufunga mlango wowote.

Ukitaka ushahidi kwamba maana haikuwa imefungwa, fuata picha zilikotundikwa. Mwaka 1622 Dirck van Baburen wa Utrecht alichora kahaba akipiga kinanda cha nyuzi, mteja akimwonyesha sarafu, na kuwadi mzee akigonga kiganja chake kudai malipo. Mchoro huo ulimilikiwa na Maria Thins, mama mkwe wa Vermeer, mwanamke Mkatoliki wa heshima zake na mwenye mali. Ulikaa nyumbani kwake. Vermeer aliuona kiasi cha kuuchora mara mbili ukutani nyuma ya wanamuziki wake watulivu. Mmoja wa michoro hiyo miwili uliibiwa Boston Machi 1990 na haujapatikana, ilhali ule wa Baburen wenyewe uko salama katika jumba jingine la makumbusho la mji huohuo. Mwaka 1656 Vermeer alichora kuwadi wake mwenyewe, ulioko Dresden: askari mwenye koti jekundu ameweka mkono mmoja kifuani mwa msichana na kwa mwingine anadondosha sarafu kwenye kiganja chake kilicho wazi. Hakuna uchafu, hakuna matapishi. Msichana ana wekundu wa afya mashavuni. Kushoto kijana mwenye bilauri anatugeukia na kutabasamu, na wengi humdhania kuwa ni Vermeer. Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni alijua mambo haya hufanyika kwa upole.

Upole huo ndio ulioipeleka aina hii ya sanaa mbali na kilabu, mpaka watu wakashindwa kujua kama bado wako ndani yake. Frans van Mieris wa Leiden alichora mwaka 1658 mhudumu mrembo akimmiminia askari mvinyo, kila kitu kinang'aa, na ni mbwa wawili wanaopandana huko nyuma tu wanaotuambia ni nyumba gani. Gerard ter Borch hakuweka hata mbwa. Katika mchoro wake wa karibu mwaka 1654 msichana wa gauni la hariri ya fedha ametupa mgongo, askari ameketi akinyoosha mkono kama anayesema jambo, na mwanamke mwingine anaficha macho ndani ya bilauri yake ya mvinyo. Mchonga nakshi wa karne ya 18 aliuza nakala yake kwa jina la baba anayemwonya binti, na mwandishi wa Kijerumani Goethe, katika riwaya yake ya mwaka 1809, akaamini hivyo na kusifu adabu ya baba yule. Baadaye watu walianza kujiuliza: baba gani kijana hivi? Na kwa nini kitanda kiko pale? Wengine leo husema ni danguro, wengine uchumba. Uso wa msichana tungeuona, tungejua, na Ter Borch aliugeuza kwa makusudi.

Soko lililobeba haya yote lilianguka mwaka 1672, Wafaransa walipoivamia nchi na fedha ya kununulia picha ikakauka. Vermeer hakuinuka tena. Alifariki 1675 akiwa na madeni. Jan Steen, aliyekuwa amesharudi Leiden, alipewa Novemba 1672 kibali cha kufungua kilabu nyumbani kwake. Alikiendesha mpaka alipofariki 1679.

Kibali hicho ndicho kilichomharibia jina. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi, alimfikia Steen mwaka 1721, miaka 42 baada ya kifo chake, akatangaza kwamba maisha yake yalifanana na picha zake: mlevi, mzembe, mnywaji wa akiba yake mwenyewe. Lakini kazi zinazohesabiwa kuwa zake ni zaidi ya 300, zimejaa hariri, vioo na ngozi za matunda zilizochorwa kwa mkono usiotetemeka, na kwenye picha yake rasmi ya karibu mwaka 1670, iliyoko Rijksmuseum, ameketi ndani ya nguo nzito kama mwenye kiwanda yeyote wa Leiden. Mpaka leo Mholanzi akikuta nyumba imevurugika husema ni nyumba ya Jan Steen. Rijksmuseum imeweka picha zake mtandaoni bure, kubwa kiasi cha kusoma maandishi ya ukutani. Mtafute bundi na mshumaa wake, kisha uhesabu ni watu wangapi chumbani wanaomtazama.